Nyaya Zilizokatwa Masikio

Kengele ya saa nane ilipolia pale shuleni kwetu Bariadi, hatukwenda nyumbani. Mwezi wa Juni ni mwezi wa kuchuma pamba, na shamba la shule lilikuwa linatungoja. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alipewa mistari miwili. Nilichuma yangu bila kupiga soga, nikapeleka pamba ghalani, nikakimbia nyumbani, nikateka ndoo mbili kisimani, nikamchochea mama moto, ndipo nikaenda karakana. Nayataja haya yote makusudi. Kulikuwa na watu mtaani waliosema kwamba Milembe binti Jilala ni mvivu, anakimbilia kwenye magari ili akwepe kazi. Waongo wakubwa!

Karakana hiyo ilikuwa ya kikundi cha ujamaa cha mafundi, kando ya barabara iendayo kwenye kiwanja cha mnada wa ng'ombe. Kiongozi wa kikundi alikuwa mjomba wangu Maganga, kaka yake mama. Alikuwa mtu mnene na mpole, na masikio yake yalijua injini kuliko macho yangu yanavyojua herufi. Lori likipita barabarani alisema tu, "Silinda moja hiyo imelala," na dereva alipofungua boneti aliikuta kweli haifanyi kazi.

Mwaka huo kamati ya Saba Saba ilitangaza jambo jipya. Pamoja na ngoma na mbio za baiskeli, yangekuwapo mashindano ya magari yaliyoundwa na mafundi wenyewe. Magari ya kununua hayakutakiwa. Kila kikundi kilete gari lililotoka mikononi mwake, lizunguke kiwanja cha mnada mara ishirini. Masharti yaliandikwa kwenye karatasi moja tu. Gari liwe na honi. Liwe na taa za breki, maana vumbi la Bariadi mwezi wa Julai hata jirani yako humwoni. Na liwe na swichi kuu ambayo mtu aliyesimama nje anaweza kuifikia na kuzima umeme wote ikitokea hatari.

Mjomba alikuwa na mzoga wa gari aina ya Pijo uliopinduka korongoni miaka miwili nyuma. Yeye na wenzake waling'oa milango, vioo na viti vya nyuma, wakachomelea mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondeke likipinduka tena. Injini waliifungua yote, wakaiosha, wakaifunga upya. Kilichobaki ni umeme, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Panya walikuwa wametafuna nyaya zote, na fundi umeme wa kikundi alikuwa amehamia Mwanza.

"Injini naisikia," mjomba alisema huku akijikuna kichwa. "Chuma nakiona. Umeme siuoni wala siusikii, mpaka unirushe."

"Nitazipanga mimi nyaya," nikasema.

Wote waligeuka kunitazama. Aliyecheka kwanza, na kwa sauti kubwa kuliko wote, ni Selestini. Huyu alikuwa dereva wa lori la pamba, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyepaka nywele mafuta hata siku za kazi. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuendesha Pijo siku ya mashindano.

"Mtoto wa kike apange nyaya?" alisema. "Ndugu Maganga, siku hiyo mimi nitaendesha kwa kutumia mkia."

"Utauota huo mkia mapema basi," nikamjibu, "kwa sababu nyaya nitazipanga."

Sikuwa najigamba bure. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Klementina, alikuwa ametufundisha umeme kwa betri za tochi na balbu ndogo. Darasa zima lilipokuwa likicheza na balbu, mimi nilikaa naye mpaka nikaelewa. Nilijua kwamba umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, la sivyo taa haiwaki. Nilijua kwamba kwenye gari njia hiyo ya kurudi ni bodi lenyewe la chuma. Na nilijua kwamba waya ulio uchi ukigusa chuma hicho, umeme wote hukimbilia pale na fyuzi inaungua. Hayo ndiyo tunayoyaita shoti.

Mjomba aliweka spana chini. "Chora kwanza," alisema. "Nikiuelewa mchoro wako, utafunga."

Nyumbani habari zilifika kabla yangu. Baba yangu, Jilala, hakupenda kabisa niende karakana. Alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache, na alipotoa neno halikurudi.

"Nasikia umewaahidi watu gari," alisema tulipokuwa tunakula.

"Ndiyo, Baba. Nyaya zake."

"Basi sikiliza. Gari likimaliza mbio siku ya Saba Saba, endelea kwenda kwa mjomba wako. Likishindwa, hutakanyaga tena karakana. Utakaa nyumbani na shambani kama wenzako. Umesikia?"

"Nimesikia. Litamaliza," nikasema. Mama alinifinya chini ya meza ninyamaze, lakini nilikuwa nimekwisha kulisema.

Nilichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Niliweka betri nyuma, mahali ilipokuwa buti, kisha swichi kuu, kisha fyuzi moja kubwa, kisha njia nne zinazogawanyika: ya kuwasha injini, ya stata inayoizungusha injini ianze, ya honi na ya taa za breki. Mjomba aliufuata mchoro kwa kidole chenye grisi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia mara ya pili, halafu akatikisa kichwa kukubali.

Ubishi ulianza kwenye swichi. Selestini alitaka zote zipangwe juu ya dashibodi mbele yake, kwa mstari, kama alivyowahi kuona kwenye picha ya ndege. Nilimwambia akae kwenye kiti, nikamfunga mkanda kifuani na kumkaza kama mzigo wa kuni.

"Fumba macho," nikamwambia. "Gusa honi."

Alinyoosha mkono, akagusa hewa.

"Zima injini."

Akagusa hewa tena. Mafundi walianza kucheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

"Katika vumbi la mnada utakuwa umefumba macho hivyo hivyo," nikasema. "Swichi itakaa pale mkono wako unapofika, haitakaa pale inapopendeza." Nikachukua chaki, nikachora alama kila mahali kidole chake kilipofika bila kujinyoosha. Honi ikaja karibu na usukani. Swichi ya kuwasha ikashuka upande wa kulia. Swichi kuu tuliifunga nyuma ya kiti, na mjomba akaiunganisha na waya wa breki ya baiskeli uliotokeza nje upande wa dereva, ukiwa na pete nyekundu mwishoni. Mtu yeyote angeivuta hiyo pete, gari lingezimika.

Selestini alijifungua mkanda akatoka kwenye kiti. Alininunia, na mimi nilijua ananingojea nijikwae.

Sasa njooni kwenye kosa langu. Madukani hakukuwa na nyaya za rangi. Mjomba alizunguka mji mzima akarudi na rola moja la waya mweusi, na ngozi yake ya plastiki ilikuwa nyembamba. Nyaya zote zingekuwa nyeusi, zimefungwa fungu moja, na ukitaka kutengeneza kitu hujui huu ni wa honi au wa stata.

Rafiki yangu Asumini alikuwa amekuja kunitazama. Mama yake alifuma kofia na kuziuza dukani kwao. "Nikuletee nyuzi za rangi?" aliniuliza. "Ufunge nyekundu hapa, kijani pale."

"Hili ni gari la mbio, si kofia," nikamjibu kwa kiburi. Maskini Asumini alirudi kwao.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Babu yangu, Guku Machibya wa Ipililo, ana ng'ombe wengi, na ng'ombe wake wanachungwa pamoja na wa majirani. Hawapotei, kwa sababu kila ndama anakatwa alama kwenye sikio. Kato moja mbele ni wa ukoo huu, makato mawili nyuma ni wa ukoo ule. Mwaka jana nilimshikia babu ndama wakati wa kukata, akanifundisha kuzisoma alama zote. Basi nikachukua kisu kidogo, nikazikata nyaya masikio. Kato moja, waya wa kuwasha. Makato mawili, stata. Matatu, taa za breki. Kato la mshazari, honi. Nilikata kila baada ya hatua moja ili alama ionekane popote utakaposhika.

"Loo!" mjomba alisema alipoona. "Hii ndiyo akili ya wachungaji. Hata gizani mtu atausoma kwa kidole!"

Nilivimba kichwa. Makato ya kwanza niliyakata polepole, nikiangalia kisu kisifike kwenye shaba. Lakini Selestini alikuja kusimama nyuma yangu, akaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja... mbili... tutamaliza mwakani..." Hasira zikanipanda, nikaanza kukata haraka haraka. Sikurudi kuyakagua.

Siku nne kabla ya Saba Saba gari liliwaka. Mjomba alibonyeza stata, injini ikanguruma, honi ikalia, na taa mbili nyekundu zikawaka nyuma kila Selestini alipokanyaga breki. Nilipiga kelele za furaha mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Nilimwendea Selestini nikamuuliza kama mkia wake umeshaota. Sikuona haya hata kidogo.

Tarehe sita Julai, mchana, tulilipeleka kwenye barabara ya makorongo ili tulijaribu. Lilikwenda vizuri hatua mia mbili hivi. Liliporuka tuta la kwanza, likazimika kimya. Fyuzi ilikuwa imeungua. Tukaweka nyingine, tukaenda, tukaruka tuta, ikaungua tena. Tulirudi karakana tukilisukuma, na kopo la mjomba lilikuwa limebaki na fyuzi moja tu.

"Weka karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi," Selestini alisema. "Madereva wote hufanya hivyo. Haiungui."

"Haiungui fyuzi, litaungua gari," nikasema. "Na wewe umefungwa mkanda ndani."

Mjomba hakutusikiliza. Alikuwa anamtazama Selestini kwa jicho baya ambalo sikuwahi kuliona kwake. "Jana jioni," alisema taratibu, "nani alilichukua gari hili bila ruhusa akaenda nalo kisimani kujionyesha kwa wasichana?"

Selestini alitazama chini. Mji mzima ulikuwa unajua.

"Ni wewe. Ukawapakia, wakakanyaga nyaya huko ndani kwa miguu yao. Umeharibu kazi ya watu! Kesho utatazama mbio kama watazamaji wengine. Ataendesha fundi mwenzetu Mhoja."

"Ndugu Maganga, haki ya Mungu sikupakia mtu! Nilikwenda nikarudi!"

"Nani atakuamini wewe, mwenye maneno mengi kuliko redio?"

Waliendelea kugombana nje. Mimi niliingia chini ya dashibodi na tochi. Nilifuata fungu la nyaya kwa mkono, kutoka kwenye fyuzi kwenda mbele, mpaka pale linapopita kwenye tundu la bati linalotenganisha dereva na injini. Hapo nikaona doa jeusi. Nyaya zilikuwa zikisugua ukingo wa tundu kila gari liliporuka, na mahali penyewe palikuwa na makato matatu. Nililigeuza fungu kwenye mwanga. Ndani ya kila kato shaba ilikuwa inang'aa.

Hakuna mtu aliyekanyaga kitu. Ni kisu changu.

Nitasema kweli jinsi nilivyojisikia. Kwanza, nilifurahi. Huko nje Selestini alikuwa anaapa kwa Mungu na kwa mama yake, na hakuna aliyemwamini, na mimi nilifurahi sana. Nilikuwa na kipande cha mpira mfukoni. Ningeweza kupafunga pale palipoungua, nitoke nje, niseme, "Nimeona, waya ulikanyagwa." Mhoja angeendesha, gari lingemaliza mbio, baba angetimiza ahadi, na Selestini angefunga mdomo wake mwaka mzima.

Halafu nikawakumbuka wale watu wa mtaani waliosema nakwepa kazi. Niliwachukia kwa sababu walinisingizia mchana kweupe, tena nikiwa na ndoo kichwani. Na sasa mimi nilikuwa chini ya dashibodi, natunga uongo wa aina ile ile. Nilijiona mdogo. Na zaidi ya hapo, kulikuwa na makato mengine thelathini ndani ya fungu lile, na yeyote atakayekaa kwenye kile kiti kesho atakuwa amekaa juu yake.

Nilitoka nje. Bahati yangu mbaya, wakati huo huo baba alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wa ng'ombe mlangoni, akitoka kupeleka pamba.

"Mwadila," baba aliwasalimia mafundi.

"Mwadila," walimjibu bila uchangamfu.

"Mjomba, mwache Selestini," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakuharibu kitu. Nyaya zimepiga shoti kwenye alama zangu. Nilikata mpaka nikafika kwenye shaba, na sikurudi kukagua. Kosa ni langu peke yangu."

 Aliyesema kwanza ni Selestini.

"Nilisema! Tangu mwanzo nilisema!"

"Ulisema siwezi," nikamjibu. "Hukusema nitakosea wapi. Ungekuwa unajua, ungeniambia wakati ule ulipokuwa unanihesabia."

Baba alikuwa amesikia yote. Alishika hatamu ya ng'ombe wake. "Basi, imekwisha," alisema. "Panda, twende nyumbani."

Miguu yangu haikusogea. Kwetu mtoto habishani na baba yake mbele za watu, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Nililijua hilo vizuri.

"Baba, naomba unisikilize," nikasema. "Ulisema gari likishindwa mbio. Mbio ni kesho saa nne. Leo gari bado halijashindwa kitu. Nimekosea, na naona nilipokosea. Niache nirekebishe."

 Baba alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Una ulimi wewe," alisema mwishowe. Akakaa juu ya mfuko mtupu wa pamba. "Jua likizama tunaondoka. Limewaka, halijawaka, tunaondoka."

Nilikimbia kwanza kwa Asumini. "Nilikujibu vibaya siku ile," nikamwambia huku nahema. "Zile nyuzi bado zipo?" Aliingia ndani, akatoka na kikapu kizima, nami nikamwambia asante mara mbili.

Tulitandika fungu lote la nyaya chini. Waya mpya haukuwapo, kwa hiyo kila kato ilibidi lifungwe. Tulichukua tyubu kuukuu ya baiskeli tukaikata vipande vyembamba. Nilifunga mpira juu ya kila kato, nikaukaza, na Asumini akazungushia uzi juu yake: nyekundu wa kuwasha, njano wa stata, kijani wa breki, bluu wa honi. Tulipofika kato la kumi niliona tunachelewa. Mara mtu akakaa karibu yangu, akachukua mkasi na tyubu. Alikuwa Selestini.

Alikata vipande vitano hivi kabla ya kusema. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Mimi ningenyamaza."

"Najua," nikasema. "Kata vyembamba zaidi, hivyo havikazi."

Alicheka, akakata vyembamba. Mjomba alileta kipande cha bomba la mpira, tukalipasua na kulivika kwenye lile tundu la bati ili chuma kisiguse nyaya tena. Safari hii nilikagua kila fundo kwa macho na kwa vidole, kuanzia kwenye betri mpaka kwenye taa, na aliyetaka kunihesabia angehesabu mpaka achoke. Niliweka fyuzi ya mwisho. Jua lilikuwa linagusa miti.

Mjomba aliketi kwenye usukani yeye mwenyewe. Akaenda kwenye tuta la kwanza, akaruka. La pili, akaruka. La tatu. Tulisikia honi ikilia kwa mbali, ikaendelea kulia mpaka alipogeuza na kurudi.

"Kesho Selestini ataendesha," alisema aliposhuka. "Na mimi nimemkosea, mbele yenu wote. Kuchukua gari bila ruhusa alikosea. Hili la nyaya nilimsingizia."

Asubuhi ya Saba Saba mnada ulijaa watu kuliko siku ya ng'ombe. Mkaguzi wa magari, Ndugu Constantine, alivuta ile pete nyekundu na injini ikazimika pale pale. Akainama akatazama ndani.

"Nani alipanga swichi hizi?"

Mjomba alinisukuma mbele. Mkaguzi alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akaanza kuniuliza, huu wa nini, na ule, na kama dereva akizimia? Nilimjibu yote.

"Na vipande hivi vya mpira, mbona vingi hivi?"

"Ni makosa yangu, Ndugu mkaguzi. Thelathini na matatu. Nimeyafunga yote."

Hakucheka. Aliandika kwenye karatasi yake, akasema, "Pita."

Sitadanganya kwamba tulishinda. Gari la mafundi wa Nyalikungu lilikuwa na injini nzuri zaidi, likatuacha toka mzunguko wa tatu. Vumbi lilipanda mpaka tukawa tunayatambua magari kwa sauti tu. Magari mawili ambayo nyaya zake zilifungwa kwa haraka yalizimika katikati ya kiwanja. Kila mara Selestini alipofika kwenye kona tuliona zile taa mbili nyekundu ndani ya vumbi, zinawaka, zinazimika, na mimi nilihesabu kwa vidole mpaka vikaniisha nikaanza upya. Mzunguko wa ishirini alipita kwenye mstari akiwa wa tatu, anapiga honi kama mwendawazimu, uso umekuwa mweupe kwa vumbi. Mafundi walimnyanyua. Kisha akawaelekeza kwangu, wakaninyanyua na mimi, na Asumini akawa anapiga vigelegele huko chini.

Baba alinikuta kando ya uzio wa mnada.

"Limemaliza, Baba," nikamwambia. "Uliahidi."

"Niliahidi," alisema. "Ila nikuulize. Jana ungeficha, ukafunga pale mahali pamoja tu, gari lingemaliza mbio?"

Nilifikiri. "Huenda lingemaliza."

"Basi mbio hazikunionyesha kitu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua jana jioni, nilipokuwa nimekaa kwenye mfuko wa pamba." Aliweka mkono wake mzito begani kwangu. "Sikia, binti yangu. Kila mtu anakosea. Anayesema nimekosea hapa, fundi atamwonyesha njia na kesho atajua zaidi. Lakini anayeficha kosa lake, hata awe na fundi wa namna gani, hafundishiki, maana fundi hajui aanzie wapi. Mjomba wako ana watu wengi wenye mikono. Anahitaji mtu wa kumwambia ukweli hata ukimuuma yeye mwenyewe. Ndiyo maana utakwenda karakana."

 Nililia kidogo, kisha nikajifuta.

"Kama ulikwisha kuamua jana, mbona hukuniambia? Sikulala usiku kucha!"

"Ungelala, leo asubuhi usingekagua zile nyaya tena kabla ya mbio. Nilikuona." Akaanza kutembea, nami nikamfuata. "Lakini pamba bado ipo shambani. Likizo hii asubuhi utachuma, karakana utakwenda saa kumi."

"Saa tisa, Baba."

"Saa kumi."

"Saa kumi mafundi wanaanza kufunga kazi. Nitajifunza nini, kufagia?"

Aliendelea kutembea, na mimi sikuacha. Tulibishana hivyo barabara nzima mpaka tukafika nyumbani, na mama alipotusikia kwa mbali alikuja mlangoni kuuliza kama tumeshinda.

"Tumekuwa wa tatu," baba alisema, huku akivua viatu. "Mwekee chakula mapema kuanzia kesho. Saa tisa anakwenda kazini."